Watoto wetu na kazi za mashirika makubwa: mbona hawakai?

Maneno haya yalisemwa na mwanachama wetu mmoja, anayetumika katika ONG kati ya Butembo na Beni, mbele ya mkutano wa wanachama hapa Butembo. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tumepunguza kidogo tu.

 

Wiki mbili zilizopita mzee prezida aliniita kwake. Tulikunywa chai kwanza, kisha akaniuliza: “Mwanangu, wewe ulisoma, na unatumika ndani ya hizo nyumba kubwa. Utuelezee. Mbona watoto wetu wakipata kazi kule hawakai? Leo yuko na ONG hii, kesho na ingine, keshokutwa amekaa nyumbani na simu mkononi. Na akija kutumika na sisi hapa, swali la kwanza ni: munalipa ngapi?”

Nilicheka, juu lile swali la mwisho hata miye nimeshaliuliza.

Lakini mzee hakuuliza bure. Munajua kama mwezi ujao muungano wetu utachukua vijana sita wa kupita nyumba kwa nyumba, kwa familia zilizorudi upande wa Oicha na Mbau. Wataandika nani amerudi, nani amepata shamba lake, nani amekuta watu wengine ndani ya nyumba yake. Feza ya miezi sita imepatikana. Na ndani ya komite kuna maneno mawili. Wengine wanasema hao vijana ni watoto wetu, tuwaite wenye kujitolea, tuwape kitu kidogo cha moto na cha chakula. Wengine wanasema tuwalipe. Nimeombwa niseme vijana wenyewe wanaona kazi namna gani, ili mukikata shauri mukate mukijua.

Nitaanza na baba yangu, juu bila yeye hamutaelewa watoto.

Baba alitumika na mfanyabiashara mmoja hapa Butembo miaka kumi na moja. Alianza kwa kufagia magazini. Kisha akapima kahawa, kisha akawa anatumwa na lori mpaka Kasindi, peke yake, na feza za patroni ndani ya shati. Hakuna siku alitia sahihi kwenye karatasi. Mshahara wa mwezi hakuujua. Alikuwa anakula kwa patroni, patroni alilipa masomo ya mdogo wake, na nyanya yetu alipokufa, patroni alikuja matangani na mfuko wa mchele na akakaa mpaka asubuhi. Mwaka wa kumi na moja akamwita, akampa balo mbili za nguo, akamwambia: “Sasa na wewe uanze.” Sisi wote tulisoma juu ya zile balo mbili. Wazee wengi walio hapa wana hadithi kama hiyo, nawaona munatikisa kichwa.

Kuna kipande kingine ambacho baba alikuja kutuambia akiwa mzee. Mwenzake, aliyefika kule mbele yake, alifukuzwa asubuhi moja juu ya mfuko mmoja wa kahawa uliopotea. Miaka tisa ya kazi. Mfuko ulionekana nyuma ya siku chache, ulikuwa umewekwa pahali pengine. Hakurudishwa, na hakukuwa na mlango wa kubisha, juu hakuna karatasi ilisema kama aliwahi kutumika pale. Baba alisema: “Miye nilipata patroni mwenye roho nzuri kwangu. Yeye alipata patroni yule yule siku mbaya.”

Hivyo ndivyo wazazi wetu walivyojua kazi. Kazi ilikuwa undugu, na haki ilikuwa roho ya mkubwa.

Sasa tuje kwetu. Watu waliozaliwa kati ya 1981 na 1996, huko Ulaya na Marekani wamewapa jina, kizazi cha milenia. Wakubwa wa makampuni huko wanalalamika juu yao sawa mzee prezida: hawakai, wanauliza sana, wanataka waambiwe kila saa kama wanatumika vizuri. Hapa Butembo na Beni kizazi hicho ni miye na wenzangu. Lakini sisi tulipita njia ingine. Vita ya 1996 ilitukuta tungali watoto, ya 1998 ikatukuta tena. Katika shule, wazazi wenu ndio mulilipa walimu, juu Serikali haikuwalipa. Tukamaliza unversite wakati mauaji ya upande wa Beni yalikuwa yameanza, mwezi wa kumi 2014. Wengi wetu hatujamwona hata siku moja mtu aliyetumika pahali pamoja mpaka uzee, akapewa pensheni, akaila. Tunasikia tu kama inakuwaka.

Na kampuni kubwa ya vijana wenye diplomi hapa kwetu si kiwanda, wala si benki. Ni msaada. Ile iliyotufundisha wengi kazi ni riposti ya Ebola.

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Serikali ilitangaza ugonjwa, ulianzia Mangina. Ulitangazwa kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walikufa. Ndani yao kuna ndugu zenu, sitaongeza neno juu ya hapo. Nataka kusema tu upande wa kazi. Karibu miaka miwili, Wizara ya Afya, OMS, UNICEF, Croix-Rouge na wengine wengi walikuwa hapa na magari yao, na waliandika vijana siku kwa siku: wa kupima joto barabarani, wa kunawisha watu mikono, wa kufuata waliogusana na wagonjwa, wa kuzika, wa kuchanja, wa kusemesha watu mitaani. Nilimjua mwalimu aliyeacha darasa lake. Miye mwenyewe nilivaa jile. Hata leo ukipita njia ya Mangina utaona mtu anapalilia kakao akiwa na jile ya riposti imetoboka mgongoni.

Niseme kwanza mazuri, juu yapo. Kule tulijifunza saa. Mkutano wa asubuhi ulikuwa saa moja na nusu, na saa moja na nusu haikuwa saa mbili. Tulijifunza kuandika rapori ambayo mtu wa mbali anaweza kuielewa. Nilimwona mwanamke akiongoza ekipi ya wanaume kumi na wawili na hakuna aliyecheka. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na hiyo kazi ilifanywa kwa miguu, katika matope ya hapa, na watoto wenu.

Lakini katika ile kampuni kubwa kulikuwa na ngazi mbili. Juu, wakubwa wengi walitoka Kinshasa ao inchi za mbali, walisema Kifaransa na Lingala, walilala hoteli na walikuwa na mikataba yao. Chini sisi, tulisema Kinande na Kiswahili. Sisi ndio tulioingia uani kwa watu. Sisi ndio tulijulikana majina, na jirani akituona tunapita alikuwa anasema: “Tazama, huyu anakula feza ya Ebola.” Anayelala hoteli alilipwa kwa mwezi. Anayeingia uani alilipwa kwa siku, na siku zenyewe zilikuwa zinafika nyuma ya wiki nyingi, zikiwa zimepungua bila mtu kueleza.

Na kupata ile kazi? Swali la kwanza halikuwa “unajua nini?” bali “umetumwa na nani?” Wengine waliingia kwa mkubwa wa familia, wengine kwa ile wanaita operasio retuu: unapokea mshahara, unarudisha kipande kwa aliyekuandika. Kijana mmoja aliniambia: “Yaya, miye kila mwisho wa mwezi nilikuwa najiuliza kama niko mfanyakazi ao niko duka la mtu.”

Mwezi wa pili 2019 walichoma kituo cha matunzo cha Katwa, tarehe 24, na tarehe 27 wakashambulia cha Butembo. Tarehe 19 mwezi wa nne waliingia katika Kliniki za Unversite ya Graben wakamuua daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS. Alilia hapa watu wengi, na alistahili kuliliwa. Jioni ile sisi wa kazi ya siku kwa siku tulikaa kwenye ukuta mbele ya nyumba ya mwenzetu, hakuna aliyekuwa na maneno. Kisha mmoja akauliza: “Mimi wakiniua, jina langu liko kwenye liste gani?” Hakuna aliyejua. Kesho yake asubuhi tulirudi kazini, saa moja na nusu.

Nafikiri lile swali ndilo jibu la swali la mzee prezida. Mtoto aliyetumika miaka miwili pahali ambapo hajui jina lake liko kwenye liste gani, anajifunza kutokuegemea. Anaweka mguu mmoja ndani na mmoja inje. Nyinyi munaona uvivu ao tamaa. Miye naona mtu aliyeketi kwenye kiti cha miguu mitatu, sasa kila kiti anakishika kwanza kwa mkono.

Kuna jambo lingine, na wamama munisamehe nikilisema wazi, juu nyinyi munalijua kuliko miye. Mwaka 2020 waandishi wa habari walitoa sauti za wanawake zaidi ya hamsini wa Beni waliosema kama wanaume wa riposti waliwataka mwili ili wapate kazi ao wabaki na kazi. OMS ikaunda tume ya kujitegemea, na mmoja wa wawili walioiongoza alikuwa mama yetu Julienne Lusenge, Mkongomani. Tarehe 28 mwezi wa tisa 2021 tume ilitoa rapori yake: wanaume 83 walitajwa kwa tuhuma, 21 kati yao walikuwa wa OMS. Wengine walikuwa Wakongomani, wengine wa inchi zingine.

Nawauliza: miaka miwili ile, walilalamika wapi? Kulikuwa na karatasi ukutani yenye namba ya simu. Lakini kijana wa kike anayelipwa kwa siku anajua kama chefu wake ndiye anayeandika nani atumike kesho. Akipiga ile namba, kesho jina lake halipo, na hakuna anayeweza kusema alifukuzwa, juu hakuwahi kuandikwa. Kwa mtu wa kazi ya siku kwa siku, kufukuzwa hakuna sauti. Ndiyo maana vijana wa kike wa leo, ukiwaita kazini, wanauliza “chefu ni nani?” mbele ya kuuliza mshahara. Musiwaone wana kiburi.

Sasa na miye nijiweke katika hadithi, si haki niwe ninasema wengine tu.

Nyuma ya riposti niliingia ONG, sitaitaja. Nikapanda, nikawa chefu wa ekipi ya vijana kumi na wanne. Mwaka wa 2025, munakumbuka, tarehe 20 mwezi wa kwanza Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, wiki moja nyuma yake Goma ikaanguka, na watu wa biro za kule wakaja Beni na begi moja moja mgongoni. Wakubwa wangu walinipigia simu saa mbili usiku: kontra za vijana zinasimama kesho. Nikauliza niwaambie nini. Wakasema andika tu katika kikundi cha WhatsApp. Niliandika. Mistari minne. Niliweka na “asante kwa kujitoa kwenu”. Nikaona zile alama mbili za bluu zinatokea, moja moja, na hakuna aliyejibu.

Ningeweza kuwaita asubuhi. Wote walikuwa hapa hapa Butembo, wa mbali ni mwendo wa moto dakika ishirini. Feza singekuwa nayo, kweli. Lakini ningekaa nao chini. Yule patroni wa baba yangu, pamoja na makosa yake yote, hakuna siku angemwaga mtu kwa mistari minne. Hapo nilielewa kama nimekuwa mtu wa ile nyumba kubwa. Mmoja wa wale kumi na wanne yuko hapa leo, tumeshaongea, na ameniruhusu niseme hivi.

Jioni zilizofuata mwito wa mzee nilikaa na vijana wa familia zetu, Butembo na Beni, nikawauliza: kazi nzuri ni nini? Nilifikiri watasema dola. Walisema, ndiyo, mbona wasiseme, wana watoto. Lakini walichokaa nacho muda mrefu ni vitu vingine. Kuambiwa kazi inaanza siku gani na inaisha siku gani, kwa ukweli, hata kama ni siku kumi. Kujua siku ya kulipwa. Mmoja wa Beni alisema: “Banipatie kidogo, lakini bakisema tarehe tano, ikuwe tarehe tano.” Kutokuitwa “mutoto” mbele ya watu unaowahudumia, wakati una miaka thelathini na nne. Kuulizwa. Hili la kuulizwa lilirudi sana: kijana anajua njia ya Mbau ina shida leo, anasema, chefu anaangalia karatasi aliyotumiwa na Kinshasa ao Geneva, anamwambia uende tu.

Si yote waliyosema niliyakubali. Wako waliotaka perdieme juu ya kuja katika mkutano huu. Niliwaambia kukaa na wazazi wako kusikiliza mambo ya ukoo si semina, na kesho mutataka perdieme ya matanga. Walicheka, wawili wakakasirika. Msaada umetuharibu kidogo upande huo, tuseme ukweli. Likelemba ya mama zetu haikuwahi kulipa mtu kwa kukaa kwenye kiti.

Lakini kupita nyumba kwa nyumba miezi sita, kwenye njia ya Oicha na Mbau, na usalama jinsi munavyoujua, si kukaa kwenye kiti. Hiyo ni kazi. Na sheria inaiita kazi. Kodi ya kazi ya inchi yetu, ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema mtu wa siku kwa siku akishatumika siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena mbele ya hiyo miezi miwili kuisha, anahesabiwa kama ana mkataba usio na mwisho. Wengi wetu tulitumika siku 22 mara kumi, hatukuijua. Wakubwa wa nyumba zile waliijua, ndiyo maana kuna miezi ulikuwa unaambiwa upumzike wiki kisha urudi. Tukiwaita hawa sita “wenye kujitolea” tukawapa feza ya moto kila wiki, tutakuwa tumejenga riposti yetu ndogo, tofauti ni kwamba mara hii wakubwa ni sisi.

Nasikia baba mmoja anasema kule nyuma: feza haitoshi. Haitoshi kweli, nimeona bajeti. Kwa hiyo marafiki zetu wa mbali, na ninyi musikie. Katika karatasi munazotutumia tujaze, kuna mstari wa magari, kuna mstari wa ziara za watu wenu kuja kuangalia, kuna mstari wa vibao vyenye jina lenu. Mstari wa watu wenye kutembea ni mfupi, na tukiurefusha munaandika pembeni kama gharama za biro zimezidi. Hawa si gharama za biro. Hawa ndio mradi. Mukiweza kutoa kibao kimoja mukaongeza mwezi mmoja wa mshahara, familia zilizorudi hazitapoteza kitu. Na kama feza itakatika katikati, mutuambie mapema, si siku ile ile, ili na sisi tuweze kukaa na vijana chini.

Kwa komite naomba vitu vichache. Vijana wanne mbele ya sita ni afadhali, kama sita hatuwezi kuwalipa. Mtu wa kupokea malalamiko asiwe ndani ya komite, na asiwe mwanaume. Kuna mama hapa ambaye watu wote wanamwogopa kidogo na wanamwamini sana, nimeshamwomba, amesema atawaza. Wanaochaguliwa wasiwe wote wa nyumba mbili tatu tunazozijua. Na asubuhi kijana akisema njia si nzuri, asiende, na siku yake ihesabiwe.

Nimeandika karatasi ya mkataba, iko kwa sekretari pale mezani. Ni ukurasa mmoja, Kiswahili upande mmoja, Kifaransa upande mwingine. Siku ya kuanza ipo, siku ya kumaliza ipo, tarehe ya kulipa ni tarehe tano. Nafasi ya mshahara nimeiacha wazi. Wazee, hiyo ni yenu, na mama wa jikoni amenituma niseme chakula hakitatoka mbele hamujaijaza.